Alifuata nini ngomani?

Mwaka 2020, skuli zikiwa zimefungwa na watu wengi duniani wamekaa ndani kwa sababu ya korona, kampuni ndogo ya muziki ya London iitwayo On the Corner ilitoa albamu ya taarabu kutoka Zanzibar. Albamu hiyo inaitwa Siti of Unguja. Anayeimba ni Siti Muharam. Anayeenziwa ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyefariki mwaka 1950, na Siti Muharam ni kitukuu wake.

Si albamu ya harusini. Haina ule mdundo wa kumnyanyua mtu kitini akatunze. Ni muziki wa usiku, watoto wakishalala, mama au baba akiwa amekaa ukumbini na simu yake. Lakini ndani yake umo wimbo mmoja ambao mzazi wa Pemba akiusikiliza kwa makini huenda usingizi ukamruka. Wimbo huo ni Kijiti, na unasimulia kisa cha kweli: mwanamke aliuawa, na waliofungwa ni wanawake waliotaka kumsemea.

Kwanza habari ya albamu yenyewe.

Kumuenzi mwanamuziki aliyefariki kwa kuziimba upya nyimbo zake ni jambo la kawaida kwingineko duniani. Marekani, mwaka 1999, mwimbaji Emmylou Harris alisimamia albamu ya kumkumbuka Gram Parsons, kijana aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuuchanganya muziki wa kantri na roki. Parsons alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 26 tu, kwa pombe na dawa za kulevya aina ya mofini. Emmylou aliwahi kuimba pamoja naye, na miaka 26 baada ya kifo, umri ule ule aliofia mwenzake, akawakusanya wanamuziki wengine kila mmoja aimbe wimbo mmoja. Wengi wa kizazi kipya walimjua Parsons kwa njia hiyo, kwani alipokuwa hai hakuuza sahani nyingi.

Huko ni marafiki na wanafunzi waliofanya kazi ya kumbukumbu. Kwa Siti binti Saad ni damu yake mwenyewe iliyosimama. Siti Muharam alirithi jina, na jina hilo kwa mwimbaji wa Zanzibar ni mzigo mzito kuliko ngoma. Kila atakayemsikia atamlinganisha na bibi huyo.

Uongozi wa muziki ulikuwa chini ya Mohamed Issa Matona, mpiga fidla na udi anayejulikana Zanzibar nzima, ambaye naye ni mtoto wa mwanamuziki, marehemu Issa Matona. Mtayarishaji Sam Jones wa Uingereza akaongeza sauti za mitambo ya kisasa chini ya udi na fidla. Wapo watakaosema huo si taarabu. Wana haki ya kusema, maana masikio ya mtu aliyelelewa na Culture Musical Club au Nadi Ikhwan Safaa hayakubali kila kitu. Lakini Siti binti Saad mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo zama zake, alipokuja na jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulizoea.

Alizaliwa mwaka 1880 kijijini Fumba, kusini magharibi mwa Unguja. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina lile lilieleza nafasi ya familia katika Zanzibar ya wakati huo, ambapo utumwa ulikuwa haujafutwa kisheria. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kufinyanga. Akawa anabeba vyungu kutoka shamba hadi mjini, anaita wateja njiani kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa ala na kutamka Kiarabu sawasawa, kwa sababu taarabu ya wakati huo ilikuwa ya Kiarabu na ya majumba ya wakubwa. Hapo ndipo Mtumwa alipogeuka kuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mzazi anayechagua jina la mtoto wake leo, akitafuta kwenye simu majina ya kigeni yenye herufi nyingi, angetua kidogo kwenye habari hii.

Siti aliimba Kiarabu kwa waliotaka Kiarabu. Kubwa lake ni kwamba aliileta taarabu kwenye Kiswahili, ikasikika Ng'ambo kwa watu wa kawaida, wapagazi, wapishi, wauza samaki na wanawake waliotoka shamba kama yeye. Pamoja na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Mbaruku, Budda na Maalim Shaaban, walikuwa wakitunga juu ya yaliyotokea mtaani wiki hiyo: nani kala fedha za wajane, nani kaonewa, hakimu gani kapindisha. Nyimbo zilikuwa gazeti la asiyejua kusoma.

Alichekwa. Walioona wivu walitunga maneno ya kumsuta kwa sura yake na kwa kaniki aliyokuja nayo mjini. Akawajibu kwa wimbo kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, wakarekodi kwa kampuni ya HMV, na akawa mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliwekwa kwenye sahani ya santuri. Sahani zile zilisambaa pwani yote, zikapigwa mikahawani na majumbani.

Pemba ya wakati huo ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na msimu ulileta wachumaji kutoka Unguja na bara. Watu walikuja na makapu na ngazi, na walikuja na nyimbo pia. Ndiyo maana hata leo mzee wa Wete au Mkoani anaweza kuujua wimbo wa Siti bila ya kuwahi kuishika sahani yake.

Miezi michache kabla hajafariki, mwaka 1950, Shaaban Robert alimtembelea na kumhoji. Mazungumzo hayo yakazaa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho wazazi wengi walikisoma skuli bila ya kudhani kuwa ni habari ya mtu aliyepita barabara zile zile za mji wanazozipita wao wakienda Mnazi Mmoja hospitali.

Sasa Kijiti.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyefanya mazungumzo na wazee wa Zanzibar na kuandika kitabu kuhusu muziki, mavazi na michezo ya mjini zama hizo, kilichotoka mwaka 2001, amekieleza kisa hicho. Mwanamke kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja kutembea. Alikuwa mjamzito. Wenyeji wake, wanawake wawili, wakatoka naye kwenda kwenye ngoma ya usiku. Huko akawepo mwanamume aitwaye Kijiti. Alimbaka mgeni yule, akamuua, kisha akatorokea bara.

Wale wenyeji wawili hawakunyamaza. Walikwenda mbele ya vyombo vya sheria kueleza waliyoyaona. Mwisho wa kesi, Kijiti hayupo, na waliotiwa hatiani ni wao. Hakimu aliona kosa kwa kuwa walitoka na mgeni usiku na pombe ikanunuliwa.

Siti na wenzake wakautia wimbo. Hawakuupamba. Walimtaja mwuaji kwa jina lake, wakataja yaliyompata mgeni na mimba yake, wakaieleza hukumu, na watu wakapata kujua jinsi mahakama ilivyofanya. Kijiti hakufungwa, lakini jina lake limebaki likiimbwa kwa karibu karne nzima. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliuchukua wimbo huo na kuuimba hadi uzeeni mwake. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Miaka saba baadaye ndipo sauti ya kitukuu wa Siti ikausikizisha upya.

Kwa hiyo hii si albamu ya mapenzi tu, ingawa jina lake kamili linataja mahaba. Kumuenzi Siti kwa kuimba huba peke yake kungekuwa nusu ya kumuenzi.

Wengi wakisimuliwa kisa cha Kijiti huwa na swali moja la haraka. Mwanamke mjamzito, mgeni, usiku, ngomani. Alifuata nini?

Hakimu wa mkoloni alifikiri hivyo hivyo. Na swali hilo halijahama. Linasikika barazani Chake Chake, linasikika kwenye foleni ya kliniki, linasikika ndani ya nyumba mtoto wa kike anapochelewa kurudi kutoka kwenye masomo ya jioni. Akidhuriwa mtoto, la mwanzo linaloulizwa ni alivaa nini, alipita wapi, kwa nini alikubali kutumwa dukani Magharibi. Mtoto wa kiume naye ana lake: kwa nini hakupiga kelele, kwani yeye si mwanamume? Anayeulizwa maswali haya ana miaka 9.

Mtoto anayesikia wazazi wake wakiuliza hivyo kuhusu mtoto wa jirani huwa ameshapata jibu lake. Siku likimfika yeye, hatosema. Wanaoshughulika na afya ya watoto wanalijua hili vizuri: wengi hawasemi kwa siku, kwa miezi, wengine hadi wamekuwa watu wazima, na sababu kubwa ni hofu kwamba watalaumiwa au hawatoaminiwa.

Zanzibar kuna neno la jambo linalofuata. Muhali. Ni neno zuri kwa asili yake, la watu wanaoishi kwa kuoneana haya na kuvumiliana. Lakini kwenye kesi za udhalilishaji neno hili limekuwa kufuli. Aliyetenda ni mjomba, au ni mwalimu wa chuoni, au ni mtoto wa mzee ambaye familia ilimkopa fedha ya kupelekea mgonjwa Unguja. Kisiwa ni kidogo, wote wanazikana. Wazee wanakaa, wanasema jambo limalizwe kifamilia. Inatajwa fedha. Wakati mwingine inatajwa ndoa. Mama anaambiwa afikirie jina la mtoto wake. Shahidi anaambiwa, unataka kumfunga ndugu yako? Kesi ikifika mahakamani shahidi haonekani, na kesi inakufa.

Ni rahisi kuwalaumu wanaonyamaza. Wimbo wa Kijiti unaonesha kwamba hofu yao haikuzuka hewani. Wanawake wawili walikwenda kusema kweli, wakafungwa wao. Watu waliliona, wakaliimba, na funzo waliloondoka nalo wengine ni kwamba mahakamani si pa kwenda mwanamke. Na si zama za mkoloni peke yake. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa akipata mimba afungwe jela hadi miaka 2. Msichana aliyebakwa alikuwa anajua kwamba tumbo likionekana, yeye ndiye mwenye kesi. Kifungo hicho kiliondolewa kwa sheria mpya ya mwaka 2005. Mama aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati ule wa kwanza leo ana wajukuu, na ndiye anayeshauriwa jambo likitokea nyumbani.

Mambo yamebadilika tangu hapo, na inafaa kila mzazi alijue hilo kabla ya siku mbaya. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha mahakama maalum za kesi za udhalilishaji. Na katika hospitali kipo chumba kinachoitwa Mkono kwa Mkono.

Cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011. Pemba, huduma hii ipo hospitalini Chake Chake na Wete. Maana ya jina lake ni kwamba mtoto haachwi njiani. Zamani mzazi alianzia polisi kuchukua fomu ya PF3, akaenda hospitali, akarudi polisi, akatafuta ustawi wa jamii, na kila mlango mtoto anasimulia upya mbele ya watu wasiomhusu. Wengi walichoka mlango wa pili. Katika Mkono kwa Mkono daktari, polisi, ofisa wa ustawi wa jamii na mshauri nasaha wanafanya kazi kwa pamoja, na mtoto anaelezea kwenye chumba cha faragha.

Hapo ndipo saa zinapohesabiwa. Dawa za kumkinga mtu asipate virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila zikianzwa mapema ndivyo bora. Hutumiwa kwa siku 28 bila ya kukatiza. Kwa msichana aliyekwishavunja ungo, zipo dawa za kuzuia mimba isitunge, nazo hazisubiri. Zipo pia dawa na chanjo za kukinga maradhi mengine. Kikao cha wazee kilichoitishwa Ijumaa baada ya sala kwa jambo lililotokea Jumatatu kimeshazila saa hizo zote. Hata kama wazee hao wana nia njema.

Jambo jengine ni maji. Mama akimuona mtoto ameharibiwa, mkono unakwenda kwenye ndoo. Anataka kumuosha, kumbadilisha nguo, kuifua ile nguo, kama kwamba akiisafisha jambo litaondoka. Ni huruma ya kweli, na inaupoteza ushahidi. Mtoto apelekwe kama alivyo. Nguo kama imeshavuliwa itiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu unaoza. Kama ameshaoshwa, apelekwe vile vile, kwani matibabu yapo na daktari bado ana cha kuangalia.

Na kama zimepita siku nyingi, wiki au miezi, bado hospitali ni pa kwenda. Mtoto aliyekuwa hakojoi kitandani akaanza tena, anayekataa ghafla kwenda nyumba fulani au chuo fulani, anayelia akienda haja, anayeshtuka usingizini, anayeshuka darasani bila ya sababu, huyo ana jambo. Si lazima liwe hili, lakini lina haki ya kuulizwa kwa upole, na kuulizwa na mtu mmoja tu anayeaminiwa, si na ukoo mzima.

Wazazi wengine watauliza wimbo unaingia wapi kwenye haya yote.

Unaingia kwa sababu mazungumzo ya jambo hili nyumbani ni mazito, na wimbo hurahisisha. Zamani kazi hii ilikuwa ya somo, au ya kungwi, au ya bibi mzaa mama. Bi Kidude mwenyewe alikuwa mwalimu wa unyago kwa miaka mingi, akiwafunda wasichana habari za miili yao kwa ngoma na nyimbo, maana maneno makavu yanaona haya. Leo familia nyingi zimeacha hayo na hazikuweka kitu pahala pake. Kilichobaki ni simu, na simu inafundisha bila ya kuchagua.

Mtoto wa miaka 6 hahitaji kisa cha Kijiti. Huyo anahitaji kujua kwamba viungo vyake vya siri ni vyake, kwamba mtu mzima anayemwambia "usimwambie mama" ni mtu wa kusemwa kwa mama, na kwamba akisema hatopigwa. Inatosha.

Lakini kijana wa miaka 13 au 14, wa kike na wa kiume, anaweza kusikilizishwa wimbo na kuhadithiwa kilichotokea. Mzazi asianze kufundisha. Amwachie kijana aulize. Karibu kila kijana atauliza swali lile: alifuata nini ngomani? Basi mzazi amrudishie kwa swali jengine: na Kijiti, yeye alifuata nini? Kijana wa kiume hasa akae na swali hilo kidogo, kwa sababu mara nyingi nasaha za nyumbani humkabili dada yake tu. Dada anaambiwa asitoke, ajifunike, asicheke ovyo. Kaka haambiwi kitu, mpaka siku polisi waje kumchukua.

Swali la pili huwa gumu zaidi. Wale wanawake wawili walifanya makosa kwenda kusema? Vijana wengine watajibu kwamba ndiyo, wangenyamaza wangekuwa salama. Hapo mzazi atajua nyumba yake imefundisha nini miaka yote hiyo bila ya kukusudia.

Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotaka jina la jarida lake kiliita Sauti ya Siti. Waanzilishi wake walielewa mapema kwamba mwanamke huyu aliyeimba huba ndiye pia aliyeziimba hukumu za mahakama. TAMWA ya Zanzibar ina ofisi Pemba hadi leo, na habari za kesi za udhalilishaji ni sehemu kubwa ya kazi zake.

Msimu wa karafuu ndio wa kuangaliwa zaidi na familia za kisiwa hiki. Wazazi wanaondoka alfajiri, wengine wanalala dago siku kadhaa. Watoto wanabaki na mkubwa wao mwenye miaka 11, au wanaachiwa jirani, au wanafuatana na wachumaji kuokota. Wageni ni wengi, fedha ni nyingi, na jioni mtoto anatumwa kupeleka karafuu au kununua mafuta ya taa. Kabla ya kuondoka, familia hupanga nani atapika na nani atageuza karafuu kwenye jamvi. Nani atalala na watoto, na mtoto ampigie nani likitokea jambo, hayo mara nyingi hayapangwi.

Nambari ya msaada kwa mtoto ni 116. Haitozwi fedha, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye jalada la daftari lake la skuli, kwani simu ya nyumbani mara nyingi huwa mfukoni mwa baba, na baba yuko shamba.